Boksi Lina Mwandiko Wangu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mteknolojia dawa, na huu ni mwaka wangu wa nne kwenye duka la dawa katika mji mmoja mdogo wa Mkoa wa Tanga. Naomba usilitaje duka wala mji. Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi umenikimbia tangu mwisho wa mwezi uliopita.

Mkesha wa Idd nilikuwa peke yangu kaunta. Mwenzangu alipewa ruhusa kwenda kwao Pangani. Nilifungua saa mbili asubuhi na hadi magharibi sikuwa nimekaa kitako. Umeme ukakatika, nikawa natoa dawa kwa tochi ya simu. Foleni ilifika barazani: watoto wenye homa, watu wa dawa za tumbo, mmoja ananiambia "dada fanya haraka gari linaniacha," mwingine muamala wake umegoma na anataka nithibitishe kama hela imeingia.

Katikati ya hao akaja mzee jirani yetu, ana miaka 71. Nimemwamkia tangu nikiwa mtoto. Kila mwezi hununua kwetu dawa yake ya presha, amlodipine ya miligramu 5, boksi la vidonge 30. Simuombi hata cheti cha daktari, namjua. Nikanyoosha mkono, nikachukua boksi, nikaandika kwa kalamu "1 x 1 usiku," nikamwambia "Idd njema, babu." Akanipa shilingi mia tano ya sikukuu juu ya bei. Sarafu ile ninayo bado.

Wiki hiyo bosi alikuwa ameleta mzigo mpya. Akapanga shelfu upya, akaacha mpango wa alfabeti, akaweka dawa kwa kampuni ili mzigo uonekane. Amlodipine 5 na glibenclamide 5 za kampuni ile zikakaa bega kwa bega. Maboksi yote meupe, mstari wa bluu, saizi moja, tarakimu 5 kubwa mbele. Kwa wasiojua, glibenclamide ni dawa ya kushusha sukari. Mzee hana kisukari.

Alianza boksi jipya usiku wa Idd pili, akaanza na kufunga sita, zile siku sita za baada ya Ramadhani. Siku ya pili ya kufunga, baada ya alasiri, akaanguka uani. Waliomkuta wanasema alikuwa ameloa jasho na maneno yake hayashikiki. Hospitali walikuta sukari imeshuka sana, akawekewa dripu, ikapanda, usiku ikashuka tena. Madaktari waliuliza kama anatumia dawa yoyote ya sukari. Nyumbani wakajibu hapana, anatumia ya presha tu. Wakaambiwa huenda ni kufunga bila kula vizuri kwa umri wake. Siku ya tatu akaruhusiwa, na wakampa hukohuko dawa ya presha ya mwezi mmoja.

Nilikwenda kumjulia hali kama jirani yeyote, nimebeba machungwa. Wakati huo sikujua lolote.

Mwisho wa mwezi tukahesabu mzigo. Amlodipine ilizidi boksi moja. Glibenclamide ilipungua boksi moja. Nikafungua daftari la mauzo. Tangu mzigo ule uingie, glibenclamide ya kampuni ile haijaandikwa kuuzwa hata boksi moja, na amlodipine yake imeandikwa moja tu, mkesha wa Idd. Nilikaa chini sakafuni, nyuma ya kaunta, mpaka mteja akagonga kioo.

Nilimwambia bosi siku hiyohiyo. Akaniuliza, "Mzee kapona?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi. Hakuna aliyekufa na hakuna ushahidi. Ukifungua mdomo utafungwa wewe, si mimi, na duka likifungwa tuko watu wanne tunaokula hapa." Mfamasia msimamizi, ambaye cheti chake kimetundikwa ukutani, anaishi Dar es Salaam. Kwa mwaka mzima nimemwona mara tatu.

Mama, mimi ndiye ninayesomesha wadogo zangu wawili, na mama yetu hana kazi. Nimewaza mengi. Nimewaza niende kwa mzee nijifanye nasalimia, nilichukue lile boksi kimyakimya niweke la kweli. Nimewaza niache kazi nikashone nguo, nisiguse tena dawa ya mtu. Nimewaza nimwambie binti yake mkubwa, ambaye akipita dukani huniita daktari na kuniachia vitumbua. Halafu najiuliza, nifukue ya nini? Mzee amepona, anakwenda msikitini. Lile boksi nadhani walishalitupa. Nyumba yao yenyewe ina mtafaruku wa kutosha: mke wa mwanawe mdogo, ndiye anayempikia mzee, analaumiwa kwamba hakuamka kumpikia daku, na sasa wanachangishana fedha wampeleke Muhimbili akapimwe kujua kwa nini sukari ilishuka. Sitaki kuwaongezea mzigo.

Je, mimi ni mtu mbaya? Nisemeje, au ninyamazeje?

Mwenye Kalamu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na kuna jambo moja sikusubiri safu hii ichapwe. Nilikuandikia siku hiyohiyo kwa namba uliyoniachia. Nalirudia hapa kwa ajili ya wasomaji wengine, maana linaweza kumkuta yeyote.

Hebu tuhesabu pamoja. Mzee alimeza vidonge vichache kabla ya kuanguka. Boksi lilikuwa na 30. Hospitali walimpa dawa ya presha ya mwezi mmoja, na ulipoandika barua yako wiki ya tatu ilikuwa inakatika tangu atoke. Dawa za hospitali zinakaribia kwisha. Zikiisha, mzee mwenye presha ambaye hapendi kutupa kitu cha fedha atafanya nini? Atarudi kwenye boksi lake la zamani lililobaki na vidonge zaidi ya ishirini, lenye mwandiko wa binti anayemwamini: 1 x 1 usiku.

Wewe uliandika "nadhani walishalitupa." Mama yangu mzazi aliweka dawa zake kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, na siku tulipolifungua tulikuta humo vidonge vya miaka mitatu. Wazee wetu hawatupi dawa. Kwa hiyo juu ya boksi hilo sikukupa nafasi ya kupima faida na hasara. Nilikuomba lipatikane leo, mzee apate dawa yake halisi, na nyumbani wajue kwamba akitoka jasho jingi, akitetemeka au akianza kuchanganyikiwa, apewe sukari kama bado anaweza kumeza, na akimbizwe hospitali. Ulinijibu neno moja, "Nitaenda." Nimekaa na neno hilo wiki nzima.

Yaliyobaki yanahitaji mazungumzo, na hayo ndiyo nataka tuyazungumze.

Nikiisoma barua yako kwa utulivu, naona maswali mawili yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna swali la mzee na nyumba yake, wafanyiwe nini ili wawe salama na wajue kilichowapata. Na kuna swali lako wewe, utaishije na ulichokifanya, nani atakusamehe, nani atakufukuza. Yote mawili ni ya haki. Ila ukiyachanganya, hofu ya la pili inakujibia la kwanza. Ndiyo maana umeandika "sitaki kuwaongezea mzigo" ukaona umeandika kwa huruma yao. Nakuomba uisome tena sentensi hiyo taratibu, kisha utazame mzigo walio nao tayari.

Upo wa yule mkwe. Umemtaja katikati ya sentensi na kumpita, nami nimeshindwa kumpita. Kuna mwanamke nyumba ya pili kutoka kwenu anayeambiwa na mawifi zake kwamba baba mkwe alianguka kwa uvivu wake. Wewe unajua kwamba hata angepika daku ya watu kumi, dawa ile ingeishusha sukari. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, mwili uwe unaihitaji au hauihitaji. Kazi yake hukaa siku nzima, na kwa mzee ambaye figo zimechoka huweza kukaa zaidi. Ndiyo sababu sukari yake ilipandishwa na dripu ikashuka tena usiku. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba dawa hii haifai kwa watu waliozidi miaka 60, hata wale wenye kisukari chenyewe. Mzee wako ana 71, hana kisukari, na alikuwa amefunga. Kufunga kulichangia, hilo sikatai. Lakini chanzo unakijua wewe na bosi wako peke yenu, na lawama anaibeba asiyejua lolote.

Upo na wa Muhimbili. Daktari akikuta sukari imeshuka kwa mtu asiyetumia dawa ya sukari, ni haki yake kutafuta sababu nyingine, na baadhi ya sababu hizo zinatisha, zikiwemo uvimbe wa kongosho. Nauli, malazi, vipimo, siku za kazi zilizopotea, na hofu ya watoto wanaongoja majibu ya baba yao: watu wanachangishana kutafuta kitu ambacho kimeandikwa kwenye daftari lako la mauzo.

Sikuandikii haya kukukandamiza. Umeniuliza kama wewe ni mtu mbaya, na mtu mbaya asingekaa sakafuni mpaka mteja akagonga kioo. Ila umenieleza kosa lako kana kwamba ni la mkono mmoja, mkono wako, nami siamini hivyo.

Tazama waliokuwepo kaunta jioni ile, wanaoonekana na wasioonekana. Alikuwepo bosi aliyebadilisha mpangilio wa shelfu bila kuwaambia wanaotoa dawa waangalie nini. Alikuwepo mfamasia msimamizi kwa cheti chake ukutani, mwenyewe akiwa Dar es Salaam. Lilikuwepo pengo la mwenzako, maana siku yenye watu wengi kuliko zote mwezini ndiyo siku aliyobaki mtu mmoja. Walikuwepo watengenezaji wa dawa waliochagua boksi la sura moja kwa dawa ya presha na dawa ya sukari. Lilikuwepo giza. Na ulikuwepo wewe, uliyesoma "5" na rangi ya bluu ukadhani umesoma jina. Chuoni mlifundishwa kusoma lebo mara tatu: unapoitoa shelfuni, unapoiandaa, na unapomkabidhi mgonjwa. Jioni ile hukusoma hata mara moja, kwa sababu ulimjua mzee. Kumjua mteja ndiko kulikokufumba macho, na sidhani kama kuna mtoa dawa asiyeijua hali hiyo.

Sehemu yako ipo, sitaki uikimbie. Sehemu za wengine pia zipo, na ukizibeba zote peke yako hutafika mbali.

Makosa ya namna hii hayakuanzia kwenye duka lenu. Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya dunia nzima ya kupunguza madhara ya dawa yanayoweza kuepukika, na likakadiria kwamba makosa ya dawa yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Mnamo 17 Septemba 2022, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, ilifanywa kuwa ya jambo hilihili. Majina yanayofanana yanajulikana: carbamazepine ya kifafa na carbimazole ya tezi, hydralazine ya presha na hydroxyzine ya mzio. Wataalamu wanayaandika kwa orodha kwa sababu watu makini kama wewe huyachanganya.

Sasa tuje kwenye hofu yako kubwa. "Utafungwa wewe." Nani amesema? Amesema mtu ambaye ukinyamaza atapona, na ukisema atahojiwa. Inawezekana kuna chembe ya ukweli katika maneno yake, lakini usiichukue sheria kutoka kwenye kinywa chake. Na kuhusu "hakuna ushahidi", wewe mwenyewe umeniandikia kwamba uliandika kwa kalamu juu ya boksi. Ushahidi umo ndani ya nyumba ya mzee.

Nikupe mfano wa mbali, kwa sababu unahusu woga huohuo. Mwaka 2007 huko Uingereza mfamasia mmoja alimtolea mama mzee propranolol, dawa ya moyo na presha, badala ya prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe mwilini. Majina yanakaribiana, dawa hazikaribiani hata kidogo. Mama yule alifariki baadaye. Mfamasia alishtakiwa, na mwaka 2009 akapewa kifungo cha miezi mitatu kilichosimamishwa. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikakiondoa na kubakiza faini ya pauni 300. Wafamasia wa kule walishtuka. Walisema kama kila kosa la bahati mbaya ni jinai, basi watu watayaficha, na yakifichwa yatarudiwa. Ilichukua miaka, lakini mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, na mfamasia aliyekosea bila kukusudia akapata utetezi. Moja ya masharti yake ni kwamba hatua zichukuliwe haraka kumjulisha mgonjwa mara kosa linapogunduliwa. Ile ni sheria yao, haikukingi wewe wa Tanga. Nimekusimulia uone mahali walipouweka mstari: walitenganisha kukosea na kuficha.

Hapa kwetu wanataaluma wa dawa wako chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na Baraza lina uwezo wa kumwajibisha mwanataaluma. Sitakudanganya kwamba hutahojiwa. Ndiyo maana napenda kabla hujazungumza na wengi, ukae na mtu anayeijua sheria na asiyekula mshahara wa bosi wako. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017, na kwenye wilaya nyingi wapo. Mweleze yote, na daftari la mauzo ulikumbuke kwa tarehe. Atakayekushauri ukiwa umejua haki zako atakufaa kuliko mimi.

Tuzitazame sasa njia zako, kila moja na miiba yake.

Ile ya kubadilisha boksi kimyakimya naielewa. Ingemwondolea mzee hatari, na kama ndiyo njia pekee uliyoiweza juzi, afadhali hiyo kuliko boksi kubaki pale. Lakini fikiria mjukuu akikuona unapekua dawa za babu. Fikiria na siku moja ukweli ukijulikana kwa njia nyingine: utakuwa umebeba makosa mawili, na la pili halikutokea gizani wala kwenye foleni. Mkwe ataendelea kulaumiwa na mchango wa Muhimbili utaendelea. Boksi lenyewe, ukiwa nalo, usilichome wala kulitupa. Litunze. Iwapo siku ya kusema itafika, ndilo litakalomwonyesha daktari mzee alimeza vidonge vingapi.

Kuacha kazi ukashone nguo ni jambo jingine ambalo nakuomba ulipe siku kadhaa. Ushonaji ni kazi ya heshima. Lakini ukiondoka leo bila neno, kesho bosi ataajiri binti mwingine, shelfu ni ileile, maboksi ni yaleyale, cheti kiko palepale ukutani. Wewe ndiye mtu pekee mjini hapo anayejua shimo liko wapi. Pengine mwishowe utaondoka kweli, hilo sitalipinga. Swali ni kama utaondoka ukiwa umelionyesha.

Unaweza kuanza kwa daktari aliyemtibu. Njia hii ina faida ambayo pengine hujaifikiria: daktari akijua, faili la mzee litasahihishwa, na yeye kwa sauti yake ya kitaalamu anaweza kuwaeleza watoto kwamba sababu imepatikana na safari ya vipimo huenda haihitajiki tena. Watamsikia bila hasira watakazokuwa nazo wakikusikia wewe. Mwiba wake ni kwamba habari ikishatoka kwako, hutaamua tena nani aijue kwanza. Binti yule wa vitumbua anaweza kuisikia korido ya hospitali kabla hajaisikia kwako, na hilo huenda likamuuma kuliko kosa lenyewe.

Unaweza kuanza kwa mfamasia msimamizi. Ni wajibu wake, na simu haili nauli. Kuna wasimamizi ambao wangepanda basi kesho yake asubuhi na kusimama nawe mlangoni kwa mzee. Kuna na ambao wangempigia bosi kwanza ili walinde vyeti vyao. Wewe umemwona mara tatu. Utajua kuliko mimi yuko upande gani. Ukimpigia, andika pembeni siku na mliyozungumza.

Au unaweza kwenda kwa familia moja kwa moja. Kama utakwenda, usiende peke yako. Kwa desturi zetu jambo zito halipelekwi na kijana mmoja mkono mtupu. Tafuta mtu mzima ambaye nyumba ile inamheshimu na asiyehusika na duka, awe shangazi yako, au imamu, au mjumbe wa nyumba kumi. Mama yako je, anajua? Barua yako yote haisemi kama umemwambia. Nenda saa ambayo mzee mwenyewe yupo, kwa maana mwili ni wake na ana haki ya kusikia kabla ya watoto wake. Maneno machache yanatosha: mkesha wa Idd nilikupa boksi ambalo halikuwa lako, lilikuwa la dawa ya sukari, ndilo lililokuangusha, niligundua mwisho wa mwezi, naomba radhi, na huyu mkwe wenu hana kosa. Usianze na foleni, usianze na umeme, usianze na bosi. Wakiuliza ilitokeaje, hapo eleza. Mtu aliyeumizwa akisikia sababu kabla ya kusikia radhi, huona unajitetea.

Watakasirika? Huenda. Binti yake anaweza asikuite daktari tena, na akapita dukani bila kukutazama. Mtaa utasema. Bosi anaweza kukufukuza jioni hiyohiyo, na kwa wadogo zako hilo si jambo dogo. Fanya hesabu ya miezi miwili mitatu ya akiba kabla, na uulize wenzako uliosoma nao nani ana nafasi. Wapo pia wazee ambao wangesema "mjukuu wangu, Mungu kapitisha salama" na kumaliza. Mzee wako ni yupi, mimi simjui. Wewe ndiye uliyemwamkia tangu utotoni.

Na ukiamua kunyamaza? Sitakufukuza kwenye safu hii. Lakini nakuomba ukinyamaza, unyamaze huku ukijua nani analipia ukimya wako, na usijiambie kwamba haulipiwi na mtu.

Kuna kitu kidogo unachokiweza hata kama bado hujaamua lolote, nacho hakihitaji ruhusa ya mtu mkubwa. Kesho ukifungua duka, itoe glibenclamide pale ilipo. Iweke shelfu ya dawa za sukari, peke yake, na ubandike karatasi yenye jina kwa herufi kubwa. Mteja akija, hata kama ni mjomba wako, muulize, "Hii umeandikiwa kwa ajili ya nini?" kisha unyamaze umwache ajibu mwenyewe, maana ukimuuliza "hii ni ya presha, siyo?" atasema ndiyo hata kama siyo. Fungua boksi mbele yake, msomee jina, mwonyeshe kidonge. Mzee anayemeza kidonge kilekile kila usiku hukijua kwa sura, na mara nyingi yeye ndiye anayesema "mbona hiki si kile?" Jioni ya foleni, umeme ukikatika, wanaosubiri na wasubiri. Atakayelalamika kwamba gari linamwacha, mwache alalamike.

Mwenzako wa kaunta naye mweleze kilichotokea, kwa siri ikibidi. Yeye pia anachukua maboksi kutoka shelfu ileile, na hajui. Na madhara yaliyompata mzee yanaweza kuripotiwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, maana taarifa za namna hiyo ndizo zinazosaidia maboksi yanayofanana yatambuliwe. Unaweza kuliacha hilo mpaka umalize ya nyumbani kwa mzee, au ukaanza nalo. Sioni ubaya wa mpangilio wowote.

Sarafu ya mia tano umesema unayo bado. Sijui utaifanyia nini, wala sikuulizi.

Ukiniandikia tena, usiniandikie kwanza habari za bosi. Niambie boksi ulilikuta wapi na lilikuwa na vidonge vingapi. Na yule mkwe: jina lake hukunitajia. Niambie kama bado anampikia mzee, na kama kuna mtu nyumbani mle aliyemwomba radhi.